Leninsky ni wapi? Kuielewa wilaya moja ya bandari ya Murmansk

Septemba 2013, watu 30 waliokuwa ndani ya Arctic Sunrise, meli ya shirika la kutetea mazingira la Greenpeace, walikamatwa na walinzi wa pwani wa Urusi baada ya maandamano kwenye jukwaa la mafuta la Prirazlomnaya. Meli ilivutwa hadi ghuba ya Kola, na kuanzia tarehe 26 mwezi huo mabaharia, wanaharakati na wanahabari wawili walianza kupandishwa kizimbani. Magazeti ya dunia yakaandika kwamba Mahakama ya Wilaya ya Leninsky, Murmansk, imeamuru wawekwe rumande.

Tangu hapo jina hilo halijatoweka. Chelezo kikubwa cha kutengenezea meli kinazama, manowari inashika moto ikiwa kwenye matengenezo, kesi fulani inaahirishwa, na Leninsky inatajwa tena. Kila inapotajwa maswali ni yale yale. Leninsky ni mji? Murmansk ni mji au ni mkoa? Na kwa nini mwandishi mmoja anaandika “okrugi”, mwingine “rayoni” na wa tatu “wilaya”, ilhali wote wanazungumzia kipande kile kile cha ardhi?

Tuanze na maneno yenyewe. Oblasti ni mkoa. Mkoa wa Murmansk uko kaskazini-magharibi kabisa ya Urusi, umeshika karibu rasi yote ya Kola, na unapakana na Norway na Finland. Ndani ya mkoa huo kuna mji mkuu wake, nao pia unaitwa Murmansk. Mji huo umegawanywa katika sehemu tatu ambazo kisheria zinaitwa okrugi za kiutawala, na ambazo sisi tungeziita tu wilaya za mjini: Leninsky upande wa kaskazini, Oktyabrsky katikati, na Pervomaysky kusini. Kwa hiyo Leninsky si mji, wala si kitongoji kilichojitenga. Ni theluthi ya kaskazini ya mji mmoja, ingawa hizo theluthi hazilingani ukubwa.

Msomaji wa Tanzania ana njia rahisi ya kulishika hili. Mwanza ni mkoa na Mwanza ni jiji. Mtu wa Ukerewe na mtu wa Nyamagana, wote wawili wakiwa Dodoma watasema wametoka Mwanza, na wote watakuwa wamesema kweli. Lakini ukisikia kuna mafuriko Mwanza, huwezi kumpigia simu shangazi yako wa Ukerewe kwa hofu kabla hujauliza: Mwanza ipi? Murmansk ni hivyo hivyo. Novemba 2023, Finland ilipofunga vituo vyake kwenye mpaka wa mashariki kwa sababu ya wahamiaji waliokuwa wakifika kupitia Urusi, kituo cha mwisho kufungwa kilikuwa Raja-Jooseppi, na habari zikasema watu hao wanapitia “Murmansk”. Miongoni mwa waliotajwa kufika mpakani walikuwamo Wasomali na hata Wakenya, kwa hiyo wasomaji wetu wengi waliifuatilia habari hiyo kwa karibu. Murmansk iliyokuwa ikisemwa ni mkoa. Kutoka mjini hadi kituo hicho ni safari ya zaidi ya kilomita 200 katikati ya misitu na barafu.

Mji wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa Oktoba 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa jina la Romanov-na-Murmane, yaani mji wa ukoo wa Romanov kwenye pwani ya Murman. Ndio mji wa mwisho kuanzishwa chini ya tsar. Miezi michache baadaye tsar akang’oka, na mwaka 1917 jina la ukoo wake likaondolewa, ikabaki Murmansk. Sababu ya kuujenga huko mbali, kaskazini mwa Duara la Aktiki, ilikuwa bandari. Urusi ilihitaji mahali pa kupokea silaha na vyakula kutoka kwa washirika wake, pasipozibwa na Wajerumani wala Waturuki, na pasipoganda.

Hapo ndipo watu wengi hukosea. Tunadhani kadiri unavyokwenda kaskazini, ndivyo bahari inavyozidi kuganda. Kwenye ramani ya Urusi mambo hayako hivyo. Saint Petersburg iko kusini sana ya Murmansk, lakini maji yake huganda wakati wa baridi. Arkhangelsk nayo iko kusini, na inahitaji meli za kuvunja barafu ili bandari yake ifanye kazi. Murmansk haigandi, kwa sababu mkondo wa maji vuguvugu unaotoka Atlantiki unapanda kandokando ya Norway na kuzunguka hadi bahari ya Barents. Jua halichomozi kabisa tangu mwanzoni mwa Desemba hadi karibu katikati ya Januari, lakini meli zinaingia na kutoka. Bila maji hayo vuguvugu pasingekuwa na mji, wala wilaya za kuzungumzia.

Bandari ndiyo iliyoupa mji umbo lake pia. Upande mmoja kuna maji ya ghuba, upande mwingine vilima vya mawe ambavyo wenyeji huviita sopka. Mji ukakosa pa kupanukia, ukajinyoosha kandokando ya ufuo wa mashariki kwa zaidi ya kilomita 20. Ukiwa na mji mrefu na mwembamba namna hiyo, njia rahisi ya kuugawa ni kuukata vipande: cha juu, cha kati na cha chini. Ndivyo ilivyokuwa.

Majina ya vipande hivyo hayaelezi chochote kuhusu mahali vilipo. Oktyabrsky inatokana na Oktoba, kwa maana ya Mapinduzi ya Oktoba ya 1917. Pervomaysky inatokana na Mei Mosi. Leninsky inatokana na Lenin. Ni majina ya zama za Kisovieti, na yalitumika nchi nzima kama vile sisi tulivyosambaza majina ya Uhuru na Nyerere kwenye barabara, shule na viwanja. Miji mingi ya Urusi ina Leninsky yake. Ukiandika Leninsky peke yake kwenye mtandao utaletewa wilaya za miji iliyo maelfu ya kilomita kutoka ghuba ya Kola, na nimeona picha za miji hiyo zikibandikwa kwenye habari za Murmansk.

Hata ndani ya Murmansk jina hilo linateleza. Barabara kuu ya katikati ya mji ni Prospekt Lenina, lakini hiyo ni moyo wa Oktyabrsky. Meli maarufu iitwayo Lenin, ya kwanza duniani kuvunja barafu kwa nguvu za nyuklia, iliyoanza kazi mwaka 1959 na kustaafu 1989, sasa ni jumba la makumbusho. Imeegeshwa tangu 2009 kwenye gati la abiria, hapo hapo katikati ya mji. Mgeni anayeambiwa “twende tukaione Lenin” na akaelekea Leninsky atakuwa ameupita mji.

Neno okrugi lenyewe ndilo linalochanganya kuliko yote. Linatokana na krug, maana yake duara, kwa hiyo okrugi ni eneo lililozungushiwa mstari, liwe kubwa au dogo. Serikali, jeshi na manispaa, kila mmoja amelichukua na kulitumia kwa mstari wake. Sisi tunalo neno kama hilo: kanda. Kanda ya Ziwa ni mikoa kadhaa, Kanda Maalumu ya Polisi ya Dar es Salaam ni mkoa mmoja, na kanisani kanda inaweza kuwa mitaa mitatu ya kijiji. Hakuna anayekosea, ila lazima ujue nani anazungumza.

Mkazi wa Leninsky, basi, anaishi ndani ya okrugi kadhaa kwa wakati mmoja. Nyumba yake imo katika okrugi ya kiutawala ya Leninsky. Mji wake kwa sheria ya serikali za mitaa ni okrugi ya mji, yaani manispaa kamili yenye baraza lake la madiwani. Mkoa wake umo katika Okrugi ya Shirikisho ya Kaskazini-Magharibi, mojawapo ya kanda nane ambazo rais wa Urusi huweka mwakilishi wake. Na jeshi lina ramani yake. Tangu Januari 2021 Meli za Kivita za Kaskazini zilihesabiwa kuwa sawa na okrugi ya kijeshi, kisha mwaka 2024 utaratibu huo ukabadilishwa na Okrugi ya Kijeshi ya Leningrad ikarudishwa. Leningrad hapo ni jina la zamani la Saint Petersburg, wala halihusiani na Leninsky ya Murmansk zaidi ya kwamba yote mawili yanatokana na mtu mmoja.

Kuna pia okrugi zinazojitawala, ambazo zina hadhi inayokaribia ya mkoa. Jukwaa la Prirazlomnaya lipo kwenye bahari ya Pechora, mbele ya pwani ya Nenets, ambayo ni okrugi inayojitawala. Kwa hiyo kesi ya Arctic Sunrise ilianzia kwenye maji yaliyo karibu na okrugi moja kubwa kuliko nchi nyingi, ikahamia kwenye mahakama ya okrugi ambayo unaweza kuivuka kwa basi la mjini. Mwandishi aliyetafsiri zote mbili kuwa “wilaya” hakudanganya, lakini msomaji wake hakuwa na namna ya kujua tofauti. Mpangilio wenyewe haulingani hata kutoka mji hadi mji: Moscow, okrugi ya kiutawala ni kubwa na ndani yake kuna rayoni nyingi (rayoni ni neno jingine la Kirusi la wilaya), ilhali Saint Petersburg rayoni ndiyo kubwa na okrugi za manispaa zimo ndani yake.

Na mahakama? Murmansk imegawanywa kwa okrugi, lakini mahakama yake inaitwa ya rayoni: Mahakama ya Rayoni ya Leninsky ya Mji wa Murmansk. Sababu ni kwamba mahakama za ngazi ya chini nchini Urusi zinaitwa za rayoni kwa mfumo wa nchi nzima, haidhuru manispaa imejigawa vipi. Ndiyo maana maneno yote mawili yanaonekana kwenye habari moja. Na hukumu ikitoka Leninsky haina maana kwamba kosa lilitendeka Leninsky. Mtanzania akisikia “Kisutu” kwenye taarifa ya habari, hafikirii mtaa, anafikiria mahakama. Soma Leninsky hivyo inapotajwa pamoja na majaji na mawakili.

Okrugi hiyo haina baraza lake la kuchaguliwa. Wapiga kura wa Leninsky huchagua madiwani wa baraza la mji mzima, na bajeti ni ya mji. Okrugi ni tawi la ofisi za mji, la kushughulikia mambo ya karibu na mlango wa mtu, kama vile usafi wa nyua na theluji iliyoziba njia. Theluji huko si jambo dogo. Lakini mtu akikwambia “serikali ya Leninsky imeamua” kuhusu bandari, meli za kijeshi au mafuta, amekosea. Hayo huamuliwa mkoani au Moscow.

Sasa tuingie Leninsky yenyewe, kwa sababu ukiacha majina, ni mahali pa kuvutia kwelikweli.

Kitu cha kwanza kuonekana ni Alyosha. Ndivyo wenyeji wanavyoliita sanamu la askari lililosimama juu ya kilima, ukumbusho wa waliolinda eneo la Aktiki katika Vita Kuu ya Pili. Lilizinduliwa mwaka 1974. Askari huyo ana urefu wa mita 35.5, na anasimama juu ya msingi wa mita 7. Amevaa koti zito la baridi, bunduki begani, na uso ameuelekeza magharibi, kwenye bonde la mto Zapadnaya Litsa ambako jeshi la Ujerumani lilizuiwa mwaka 1941 lisifike mjini. Lilipozuiwa nchi kavu likatumia ndege. Murmansk ilipigwa mabomu tena na tena, na tarehe 18 Juni 1942 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, ambao wakati huo ulikuwa wa nyumba za mbao. Mwaka 1985 ulipewa cheo cha Mji Shujaa, na cheo hicho kimo hadi leo ndani ya jina lake rasmi.

Chini ya kilima kuna ziwa Semyonovskoye, mahali ambapo familia hutembea majira mafupi ya joto. Si mbali na ziwa pamejengwa ukumbusho wa mabaharia waliokufa wakati wa amani: kanisa, mnara wa taa, na kipande cha juu cha nyambizi Kursk, iliyozama tarehe 12 Agosti 2000 na watu wote 118 waliokuwamo. Kipande hicho kiliwekwa hapo mwaka 2009. Ukitoka hapo kuelekea kaskazini unafika Rosta, iliyokuwa makazi yaliyojitenga na mji, yenye karakana kubwa ya kutengeneza meli. Karakana hiyo ndiyo iliyokuwa na manowari ya kubeba ndege, Admiral Kuznetsov, iliposhika moto Desemba 2019. Upande huo huo wa kaskazini ndiko ziliko meli za nyuklia za kuvunja barafu zinaporudi kutoka Njia ya Bahari ya Kaskazini. Kwa ufupi, Oktyabrsky ina ofisi na maduka, na Leninsky ina vyuma.

Mbele zaidi ya Rosta ipo Roslyakovo, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana pametuchanganya wengi bila sisi kujua.

Karibu na Murmansk iko miji iliyofungwa. Ni miji ya jeshi la majini ambayo mtu haingii bila kibali maalumu. Mkubwa wao ni Severomorsk, makao makuu ya Meli za Kivita za Kaskazini, takriban kilomita 25 kutoka Murmansk. Wengi hudhani makao hayo yako Murmansk, hayako. Kwa miaka mingi Roslyakovo, iliyo katikati ya miji hiyo miwili, ilihesabiwa upande wa Severomorsk, nyuma ya uzio. Hapo palikuwa na PD-50, chelezo kinachoelea chenye urefu wa mita 330, kilichojengwa Sweden na kufikishwa Urusi mwaka 1980, kimojawapo cha vyelezo vikubwa duniani. Mabaki ya Kursk yalipoinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 2001, yaliletwa ndani ya chelezo hicho, Roslyakovo. Waandishi wa wakati huo waliandika kuhusu eneo lililofungwa la Severomorsk, na walikuwa sahihi.

Januari 2015 Roslyakovo iliondolewa kwenye eneo hilo, ikafunguliwa na kuunganishwa na mji wa Murmansk, ikawa sehemu ya okrugi ya Leninsky. Miaka mitatu na miezi kadhaa baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 2018, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na PD-50 ikazama ikiwa na Admiral Kuznetsov ndani yake. Manowari ilinusurika, ila winchi kubwa iliangukia sitaha yake. Baadhi ya taarifa ziliandika kwamba imetokea “karibu na Murmansk”, nyingine “Severomorsk”, nyingine “Murmansk, Leninsky”. Chelezo kilikuwa pale pale kilipokuwa mwaka 2001. Kilichosogea ni mstari kwenye karatasi. Aliyeandika Severomorsk alikuwa na ramani ya zamani, na aliyeandika “karibu na” hakujua kwamba mji wenyewe ulikuwa umeshafika hapo.

Mfano huu naupenda kwa sababu unaonyesha jambo ambalo ramani za simu hazituambii: mpaka wa wilaya ni uamuzi, na uamuzi hubadilika. Dar es Salaam nayo, tangu Februari 2021, kisheria jiji ni Ilala, na bado mtu wa Kinondoni anasema anaishi Jiji la Dar es Salaam.

Wala mpaka haufuati maumbile kila mara. Ng’ambo ya ghuba, kwenye ufuo wa magharibi, kuna makazi ya Abram-Mys. Ukisimama katikati ya mji unaona taa zake ng’ambo ya maji, lakini kwa karatasi ni ya Pervomaysky, wilaya ya kusini. Watu wa Likoni na Kigamboni hawahitaji maelezo marefu hapo: unaona mjini kwa macho yako, na bado una safari. Daraja la barabara juu ya ghuba ya Kola lilifunguliwa mwaka 2005, tena kusini ya mji, kwa hiyo anayetumia gari hulazimika kuzunguka.

Kwa anayeandikiana na ndugu anayesoma au kufanya kazi huko, habari njema ni kwamba okrugi haina kazi kubwa kwenye bahasha. Anwani ya Kirusi inahitaji mkoa, mji, mtaa, namba ya nyumba, namba ya chumba na msimbo wa posta wenye tarakimu sita. Msimbo ndio unaoipeleka barua Rosta au katikati ya mji. Ukiandika Leninsky bila Murmansk, barua ina miji mingi ya kutembelea.

Watu wa kuandikiwa wamepungua pia. Sensa ya 1989 ilihesabu wakazi 468,039 mjini Murmansk, na ile ya 2021 ikahesabu 270,384. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika, posho nono za kufanya kazi kaskazini zilipoteza thamani, uvuvi ukayumba, meli za kivita zikapunguzwa, na familia zikarudi kusini walikotoka wazazi wao. Hata hivyo Murmansk bado ni mji mkubwa kuliko yote duniani iliyo kaskazini mwa Duara la Aktiki. Katika mitaa ya Leninsky yenye majina ya mabaharia, kama Geroev Severomortsev, majengo ya ghorofa yaliyojengwa kwa ajili ya mji wa karibu watu nusu milioni yamebaki yamesimama, madirisha mengine yana taa na mengine hayana, na Alyosha akiwa juu yao ameangalia magharibi.